Kisu Kilichooshwa kwa Udongo

Tangu nirudi Ediofe mmenicheka vya kutosha. Tukikaa kula nguruwe wa kuchoma, mnanyoosha mikono na kusema, "Toa kile kisu chako kizuri." Mimi natoa kingine, kibovu, chenye kutu, kilichozungushiwa raba ya baiskeli kwenye mpini. Mnasema nimekuwa bahili. Wengine mnasema nimekiuza. Sikukiuza. Kiko hapa mfukoni, upande wa kushoto, ila nguruwe hakigusi tena. Kila mmoja wenu amesikia kipande chake cha habari hii na vipande vyenyewe havilingani, kwa hiyo nawaandikia yote, tangu nilipokinunua mpaka uani kwa Mzee Khemis kule Lobule.

Rajabu mnamjua, au angalau mmemwona: yule mrefu wa Koboko, mtoto wa mwanajeshi, tuliyepakia naye tumbaku msimu uliopita. Mke wake Salima alikuwa amerudi kwao Lobule. Rajabu hampigi mke wala hanywi. Shida yake ni uongo mdogo mdogo. Akiwa Ariwara anasema yuko Oraba. Akiwa amekula anasema hajala. Ukimwuliza wa nini, hata yeye hajui. Salima alivumilia mpaka siku moja alipompigia simu, Rajabu akasema yuko shambani, na nyuma yake muezini wa msikiti wa mjini akaadhini. Salima akafunga nguo zake akaenda.

Baba yake Salima, Mzee Khemis, akatuma neno: Rajabu alete beberu mwekundu, akiwa hai, mbuzi achinjwe, pande mbili zile pamoja, ndipo maneno yasemwe. Mbuzi asipoliwa, hakuna mazungumzo, na Salima abaki kwao. Ndiyo safari yenyewe. Rajabu alitaka mtu wa pili wa kumshika mbuzi, na mimi, mnanijua, nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.

Arua: bawaba kwanza

Mbuzi wekundu wote wa Koboko walikuwa na madoa, ndiyo maana Rajabu akaja kumtafuta Arua. Alimpata: mwekundu kote, ndevu ndefu, macho ya mtu anayedai haki yake. Tukamwita Mheshimiwa.

Mimi nilihitaji kisu. Kile cha zamani kilikuwa kimelegea pale kinapokunjwa, na mara mbili kilikuwa kimejifunga chenyewe juu ya kidole changu nikifungua mkebe. Nikaenda sokoni kwa Mama Furaha, Mkongo kama sisi, anayetandaza vyuma vyake kwenye turubai karibu na mafundi redio.

Nilianza kwa kushika kisu kinene chenye kila kitu: mkasi, kijiko, kifungua chupa, na kitu kilichojisokota ambacho sikukijua.

"Papa," akasema, "unatafuta ya kuonyesha watu, ama ya kutumikisha?"

"Ya kutumikisha. Porini, njiani, popote."

"Basi weka hiyo. Hiyo ni ya mutu ya ofisi. Iko na kijiko. Wewe Mungu alikupa vidole."

Akanipa kingine. Hakikuwa na urembo wowote: ubapa mmoja mpana kama vidole viwili, mgongo mnene, ncha isiyo nyembamba sana. Mpini wake ulikuwa vipande viwili vya chuma vilivyoshikwa na pini, na katikati palikuwa wazi, ukikiinua juani unaona upande wa pili.

"Hiki hakijaisha kutengenezwa," nikasema.

"Imeisha. Wewe tingisha."

Nikakifungua, nikashika ncha kwa upole na kuisukuma kushoto na kulia. Haikucheza hata kidogo.

"Kisu ya kukunja ni mulango," akasema Mama Furaha. "Watu wote wanaangalia makali. Makali utatafuta kwa jiwe, hata kesho. Angalia bawaba. Bawaba ikilegea, hakuna jiwe itakusaidia. Sasa angalia komeo. Toa vidole. Toa, nimesema! Gonga mugongo yake kwa ubao."

Nikagonga mgongo wa kisu kwenye ukingo wa benchi ya fundi redio, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Komeo lilishika, kisu hakikujifunga. Nikagonga tena kwa nguvu zaidi, fundi akanitazama vibaya, komeo likashika.

"Na hapa katikati? Vumbi litaingia."

"Vumbi inaingia kila kisu," akasema. "Ila hapa inatoka."

Akachukua chupa yake ya maji ya kunywa, akamimina kwenye ule mwanya. Maji yakaingia huku, yakatokea kule, yakamwagika kwenye vumbi. Kisha akachukua kisu kingine chenye mpini wa plastiki uliozibwa, akakifungua, akaniletea puani. Kilinuka samaki.

"Mutu alirudisha hii wiki ingine. Mafuta inalala ndani, hapana toka. Kila siku anapanguza makali, makali iko safi, na nyumba yake ndani imeoza."

Nikajaribu makali kwenye kipande cha raba, kisha kwenye nywele za mkono. Vilikatika bila kuvuta. Nikakinunua. Wakati huo wote Rajabu alikuwa nyuma yangu akimshika Mheshimiwa, na tulipogeuka tukakuta Mheshimiwa amekula pembe ya turubai la Mama Furaha. Tuliondoka haraka kuliko tulivyokusudia.

Njia ya Koboko: lori limelala

Tulipanda lori la saruji na magodoro. Mheshimiwa alipewa godoro, sisi tukapewa saruji. Lami ni nzuri, upepo ulikuwa mzuri, na nilikuwa nimekaa na kisu mkononi nikikifungua na kukifunga, kama mnavyojua tabia yangu na kitu kipya, mpaka Rajabu akasema nikiendelea atanitupa.

Tulipopita Maracha, springi ya nyuma ikakatika. Dereva akashuka, akatazama, akasema neno ambalo siliandiki, akalala chini ya lori. Utingo wake, jamaa mmoja mwenye kifua kama pipa, akaniona na kisu.

"Leta hiyo tubandue bolti."

"Hapana. Hiki ni cha kukata. Ukikitumia kubandua, ncha itavunjika, na bawaba itapinda."

"Wee! Ni kisu ama ni bibi arusi?"

"Nitakukatia raba."

Nikamkatia mikanda mirefu ya raba kutoka tyubu kuukuu, na kwa mikanda hiyo wakaifunga springi kwa muda. Raba ni mtihani mzuri wa kisu, kwa sababu kisu butu kinaisukuma badala ya kuikata. Hiki kilipita. Utingo akasema taratibu kwamba bibi arusi anajua kazi. Hata hivyo dereva hakuridhika. Alitaka fundi, na fundi alikuwa Koboko, akaja na pikipiki jua lilipokwisha kuinama.

Nilikuwa nimeshikwa na njaa muda mrefu kabla ya hapo. Nyuma ya maduka ya kando ya barabara kulikuwa na mtu anachoma nguruwe. Harufu ilinifikia kabla moshi haujanifikia. Rajabu alikuwa amekaa kivulini na chai na chapati, kamba ya mbuzi imezungushwa kifundoni mwa mguu wake.

"Nenda," akasema. "Mimi hapana zuia. Ila usirudi hapa ukinipumulia."

Nilikula vizuri sana, sitaficha. Nyama ya mchomaji ilikuwa laini, lakini kisu chake kilikuwa butu, anasaga badala ya kukata. Nikatoa changu. Nikakatia benchi zima: dereva, utingo, na mafundi matofali wawili waliokuwa wakipita. Mafuta yalitiririka kwenye mpini. Wote walikisifu kisu, nami nikakisifu pamoja nao. Nikakipangusa kwa majani, nikakipangusa kwenye suruali, nikakikunja, nikakitia mfukoni. Kwa macho yangu kilikuwa safi.

Kabla ya Koboko tukasimamishwa kwenye kizuizi. Afande mmoja akatupapasa, akakitoa kisu.

"Hii ya nini?"

"Ya matunda, afande."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi ni ya bibi yangu," akasema Rajabu.

"Mbuzi ya bibi inapanda lori, na bibi mwenyewe iko wapi?"

Rajabu akaanza kueleza, na kwa sababu ni Rajabu, akaongeza kwamba mkewe ni mgonjwa. Afande akauliza mgonjwa wa nini. Rajabu akasema tumbo. Afande akauliza kama mgonjwa wa tumbo anakula beberu mzima. Nikaona tutalala pale. Bahati nzuri Mheshimiwa akaanza kutafuna kamba ya viatu vya afande, na tukaambiwa tuondoke sote, pamoja na kisu.

Koboko: kutu isiyoonekana

Mama yake Rajabu ni mjane wa mwanajeshi, mwembamba, sauti ya gwaride. Alitupokea vizuri. Mbuzi alifungwa kwenye nguzo ya jiko, sisi tukapewa maji ya kunawa. Alikuwa amepika ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi, mzito, na majani ya kunde kwa ufuta uliosagwa. Alikuwa bado anatafuta kisu cha kukatia nyanya.

Nikainuka na changu. "Mama, tumia hiki."

Rajabu alikirukia kama mtu aliyeona nyoka. "Hapana! Hiyo hapana kata, mama. Iko na kutu."

Mama akautazama ubapa, mpya, unang'aa kwa taa. "Kutu wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi? Mimi naona mpaka ng'ambo."

"Ndani kabisa."

Mama akatafuta mpaka akapata kisu chake kidogo, akakata nyanya, tukakaa kula. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Rajabu, marehemu baba yako alidanganya jeshi miaka yote. Jikoni kwangu hakudanganya."

Nje, tukimpa Mheshimiwa majani, Rajabu akaninong'oneza: "Ningesema nguruwe, ungelala hapa na huyu."

"Ungesema tu. Tungekiosha."

"Tutaosha kesho."

"Na Salima utamwambia nini kesho?"

Alikuwa anamkuna mbuzi kati ya pembe. Baadaye akasema, kama mtu anayeongea na mbuzi, "Mimi nikiona mutu atakasirika, mdomo yangu inakimbia mbele yangu. Nikiifikia, imekwisha sema." Kisha akaingia kulala. Kesho yake tuliamka tukafikiria baiskeli, kamba na upepo wa tairi. Kisu hatukukikumbuka.

Lobule: daraja la magogo

Njia ya Lobule ni ya udongo mwekundu, mihogo huku na huku, ufuta, mabanda ya kukaushia tumbaku. Watu wanatembea, na wenye baiskeli wanazitembeza kwa miguu kwenye vilima. Tulikuwa na baiskeli mbili za kuazima. Mheshimiwa alifungwa miguu na kulazwa kwenye kikapu nyuma ya Rajabu, na kamba ya shingoni, ya nailoni, ikafungwa kwenye keria. Nilisema tusiifunge kamba ya shingo. Rajabu alisema imelegea vya kutosha. Sikubishana. Kila aliyepita alitusalimia sisi kwanza, kisha mbuzi.

Karibu na mto mdogo tukamkuta mtu amesimama na kanzu yake imepandishwa mpaka magotini kwa sababu ya tope. Alikuwa Swalehe, kaka mkubwa wa Salima, aliyetumwa aone kama kweli tunakuja. Ni mtu wa dini, alisoma madrasa, hacheki ovyo.

"Rajabu."

"Shemeji."

"Ulisema utafika asubuhi."

"Ni asubuhi, shemeji."

Swalehe akatazama kivuli chake mwenyewe, kilichokuwa kimeingia chini ya miguu yake. Akatangulia kuvuka.

Daraja ni magogo yaliyopangwa juu ya mto, bila ukingo. Tulishuka, tukasukuma baiskeli. Katikati, gogo moja likazunguka chini ya tairi la Rajabu. Kikapu kikainama. Mheshimiwa, aliyekuwa ametulia njia nzima, akapiga teke, kamba ya miguu ikafunguka, akaruka. Aliruka upande wa mto, na kamba ya shingo ilikuwa bado kwenye keria.

Akaning'inia.

Rajabu alijilaza juu ya baiskeli isivutwe chini, anapiga kelele jina la Mungu. Mbuzi hakupiga kelele, hakuwa na koo la kupigia. Nilikuwa nimekwisha kutupa baiskeli yangu. Kisu kilifunguka kwa kidole gumba, komeo likalia, nikalala kifudifudi, nikanyoosha mkono mpaka chini ya gogo, nikavuta makali juu ya nailoni mara moja. Ingekuwa kile cha zamani, kingejifunga juu ya vidole vyangu. Kamba ilikatika kwa mlio wa uzi.

Hakukuwa mbali kuanguka, lakini chini kulikuwa na mawe. Tulipofika alikuwa amelala ubavu, mguu wa mbele umegeukia pasipo mahali pake, na kila alipovuta pumzi povu lenye wekundu lilitoka puani.

Swalehe akapiga magoti, akaweka kiganja kifuani mwa mbuzi. "Imepasuka ndani. Itakufa." Akageuka. "Kisu! Haraka. Ikikufa hivi ni kibudu, hakuna mutu nyumbani kwetu atakula."

Tulijua maana yake wote watatu. Mbuzi asiyeliwa ni Salima asiyerudi. Rajabu alikuwa amesimama majini na viatu, mikono imening'inia.

Swalehe akanyoosha mkono kwangu. Kisu kilikuwa bado wazi, nikampa. Alikishika, akakigeuza juani, akapitisha kidole gumba juu ya makali kwa kutaka kuyajua. Akaniuliza tu, kama mtu yeyote anavyouliza, "Iko safi?"

Nilifungua mdomo. Nawaambia ninyi rafiki zangu kwamba sijui hata leo ningesema nini. Nilikuwa namtazama mbuzi. Neno "ndiyo" ni fupi sana.

"Shemeji," akasema Rajabu. "Ngoja. Hiyo kisu jana imekata nguruwe."

Swalehe hakukitupa, lakini mkono wake ulisogea mbali na mwili wake, umenyooka, kama mtu aliyeshika kaa la moto kwa koleo.

"Nani aliikatia nguruwe?"

"Huyu Kongo. Ni Mkristo, kwake ni halali. Mimi niliona. Mimi niko na kosa, tulikuwa na maji na sabuni kwa mama, hatukuosha. Nilimwambia mama iko na kutu."

"Kutu."

"Nilidanganya."

Swalehe akaangaza macho juu ya mto. Nyumba ya karibu ilikuwa ni paa tu mbali kwenye mihogo. Kwenye njia alipita mama mmoja na jembe. Mbuzi akavuta pumzi, akakaa muda, akavuta nyingine.

"Nguruwe ni mara saba," akasema Swalehe. "Moja na udongo. Kongo, chota udongo, ile safi, ya ukingoni. Rajabu, shika kichwa ya mbuzi, isimeze maji."

Nikachota udongo mwekundu, nikaulowesha kwenye kiganja, Swalehe akausugua ubapa pande zote, na mpini, na pini. Kisha akasimama. Alikuwa amekitazama kwa upande, pale panapokunjwa.

"Na hapa ndani? Makali inalala hapa ikiwa na mafuta."

Nikakichukua, nikakiinua juani. "Angalia. Unaona mpaka upande wa pili."

Nikachuma bua la nyasi, nikalipitisha kwenye mwanya, kutoka kwenye bawaba mpaka mwisho wa mpini. Lilitoka na ukanda mweusi wa mafuta, na kipande kidogo cha nyama kilichokauka. Tuliutazama wote. Rajabu alifumba macho. Nikasukumia tope kwenye mwanya, nikapitisha bua jingine, nikakitumbukiza mtoni penye mkondo, maji yakaingia huku yakatoka kule, mekundu kwanza, halafu meupe. Swalehe akakishika, akahesabu kwa sauti ya chini, kila mara akikiinua na kukirudisha. Sijawahi kuona mtu akifanya haraka hivyo bila kuruka hata hatua moja. Kila akihesabu, nilimsikia mbuzi akivuta pumzi, na nikawa nasubiri mara nisiyoisikia.

Alipomaliza akajaribu makali kwenye ukucha. "Imekufa makali. Kwa udongo."

Kuchinja kwa kisu butu ni kumtesa mnyama, hilo halikuhitaji dini. Kulikuwa na jiwe la mto, bapa, laini. Nikakilaza kisu karibu kiguse jiwe, mgongo umeinuka kidogo tu, nikakisukuma mbele kama mtu anayetaka kupasua gamba jembamba la jiwe, kisha upande wa pili, taratibu. Ukiharakisha unayaua makali badala ya kuyatafuta. Nikajilazimisha nisiharakishe. Nikajaribu kwenye nywele za mkono. Zikaanguka.

Swalehe akamgeuza Mheshimiwa uso kuelekea upande wa Sudan, ndiko wanakoelekea huku wakiswali, akataja jina la Mungu, akavuta mara moja. Damu ikaruka kwa nguvu, mguu uliokuwa mzima ukapiga maji.

"Iko hai," akasema Swalehe. "Mmeona? Ilikuwa hai." Akakaa chini kwenye tope na kanzu yake. "Alhamdulillahi."

Uani kwa Mzee Khemis

Mzee Khemis ni mnene, mzee wa jeshi la zamani, kiti chake kiko kizingitini ili aone nani anaingia. Alituona tunaingia na mbuzi amening'inia kwenye mti tuliobeba mabegani, mimi na Rajabu, tope mpaka kiunoni, Swalehe nyuma na baiskeli.

"Mimi nilisema mbuzi ikuje na miguu yake," akasema. "Hii imekuja na miguu ya watu."

"Shikamoo, baba," akasema Rajabu.

"Marahaba. Kwa nini mulichinja njiani? Mimi najua vipi iko mbuzi ya kuchinja, sio ya kuokota?"

Tulikuwa tumepanga njiani kwamba Rajabu aongee. Swalehe akamzuia kwa mkono, akaeleza yeye, mambo yote kwa mpangilio wake: gogo, kamba, mawe, kisu. Alipofika kwenye nguruwe, wanawake waliokuwa jikoni wakaacha kutwanga. Alipofika kwenye kuosha, mmoja wao akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ndiye Salima. Rajabu alikuwa amepungua urefu.

"Kisu muliosha mara saba," akasema Salima.

"Saba," akasema kaka yake. "Na udongo."

"Na huyu mume, yeye mutaosha mara ngapi?"

Jikoni wakapasuka kicheko. Hata Mzee Khemis alitikisika tumbo. Rajabu alicheka kidogo, akaona Salima hacheki, akaacha.

"Mambo ya nguruwe, nani alisema?" akauliza Salima. "Huyu mgeni?"

"Mimi niliuliza mgeni," akasema Swalehe. "Mume wako alijibu."

"Rajabu?"

"Rajabu."

"Kabla mbuzi kuchinjwa?"

"Mbuzi ilikuwa inakufa. Alisema. Na ya mama yake pia alisema, ya kutu."

Salima akamtazama mumewe. Ilikuwa namna unavyotazama kitu ulichokinunua zamani, ukagundua kina sehemu usiyoijua. Kisha akarudi jikoni. Rajabu akaniangalia mimi, kama mimi najua wanawake.

Tulichuna mbuzi kwa kile kisu, mimi na Swalehe, kwa sababu kisu cha kuchunia cha pale nyumbani kilikuwa kimekatika mpini. Kwa kuchuna, ncha isiyo kali sana ni bora, haitoboi ngozi. Swalehe aliniuliza nilikinunua wapi, nikamweleza habari ya bawaba na mlango. Akakichunguza tena kwenye jua, akasema angependa hata watu wangetengenezwa hivyo, uone mpaka ng'ambo. Sikujua kama alitania.

Kwa ukoo huo, maneno ya mume na mke hayasemwi mpaka ini liliwe. Mwanamke ndiye anayelikata. Akilikata akampa mumewe kwa mkono wake, amemsikiliza. Akiliacha chunguni, wageni wanakula, wanashukuru, wanaondoka kama walivyokuja. Mzee Khemis alinieleza haya huku akiwa hamtazami Rajabu, kwa sauti ambayo Rajabu aliisikia vizuri.

Ini liliwekwa juu ya makaa. Salima akaja, akachuchumaa. Dada yake akampa kisu cha jikoni, hakukichukua. Akaninyooshea mkono mimi.

"Leta ile."

Nikakikunja, nikampa kimefungwa. Alikitazama bawaba, akalitafuta komeo mwenyewe, akakifungua. Akachukua kipande cha ini kwenye makaa, mapema mno, hata mimi niliona, akakata. Akampa baba yake. Akampa Swalehe. Akanipa mimi. Akakata kingine, akakishika vidoleni kwa muda, moshi ukampita usoni, akamnyooshea Rajabu.

Rajabu alipokea kwa mikono miwili, akakitia kinywani. Damu ikamtoka pembeni mwa mdomo.

"Iko tamu sana," akasema.

Mzee Khemis akaacha kutafuna.

"Iko mbichi, Rajabu," akasema Salima.

Rajabu akatafuna. Akameza. Akapangusa mdomo.

"Iko mbichi," akasema.

"Basi leta, nirudishe kwa moto," akasema Salima, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona anacheka.

Waliondoka kesho yake, Salima amekaa kwenye keria ya Rajabu, pale pale Mheshimiwa alipokuwa. Kabla ya kupanda alikagua baiskeli nzima, akaiona kamba iliyobaki imefungwa pale, akaniambia niikate. Nikaikata. Mimi nilibaki kidogo zaidi, kwa sababu kulikuwa na mtu anayejenga banda la tumbaku na nilitaka kuona linavyojengwa.

Siku ya kuondoka, Mzee Khemis hakuinuka kitini. Aliniita na kuniuliza kisu kiko wapi. Nikamwonyesha.

"Idd utakuja hapa," akasema. "Swalehe anasema hajashika kisu kama hii. Utakuja nayo. Lakini wewe Mkongo, mimi najua nyinyi. Usilete hapa kisu ya kuosha tena. Sisi tumechoka kuhesabu."

Hajawahi mtu kuniambia nije siku fulani mahali fulani, tangu niache shule. Kwa hiyo jamani, kwenye nguruwe tumieni hiki cha kutu. Kile kingine kina miadi.